Kunde na Choroko

Kila tarehe nne ya Septemba
Mzee Otavio hunikataza kupika.
Anamwaga kunde mezani: hawa watu wa Siena.
Anamwaga choroko: hawa wa Florensi, wengi,
wamejaa hadi kwenye kibao cha mkate.
Chumvi ya mawe ni kilima. Kijiko ni mto.
"Mwanamkuu, usitikise meza."

Miaka kumi na mmoja namfulia, nampikia,
na vita hivi navijua kuliko ndoa yangu.
Kwanza atavua miwani, atalaani feni,
kisha atasema wa huku walikuwa wa Papa
na wa huku wa Kaisari.
Papa alikuwepo? Hakuwepo.
Kaisari je? Kaburini, mwaka wa kumi.
Sasa walikuwa wakipigania nini?
Siku moja nilimuuliza hivyo, nikimenya vitunguu,
akanyamaza mpaka maji yakachemka.
"Ukuta," akasema. "Shamba.
Nani amwamkie nani kwanza."

Nilicheka.
Ng'ambo ya ua anakaa Mzee Renzo, mtu wa Florensi,
hawajaamkiana tangu mvua za El Nino
kwa majani ya mkilifi yaliyoangukia bwawa la kuogelea.
Barafu ikimwishia, Renzo hunijia mlango wa nyuma,
na Otavio hugeukia ukutani
asije akaona nikitoa.

Lakini leo ni vita.
Karafuu moja, kaisimamisha juu ya kipande cha ndizi:
mshika bendera wa choroko.
Nyuma yake, bega kwa bega, choroko nyingine,
rangi ileile, jana wamekula sahani moja,
ndiyo inayochomoa upanga na kuukata ule mkono.
Karafuu inalala.
Otavio anapitisha kiganja,
choroko zinamwagika sakafuni, chini ya jiko, chini ya jokofu,
"Tumeshinda!" na machozi yanamtoka,
mtu wa miaka themanini na mbili.
Mimi nachukua ufagio.
Washinde hawa, washinde wale,
mfagiaji ni yuleyule.

Nikiwa nimepiga magoti nikamuuliza:
ule mkono, nani aliuokota?
Akanitazama kama nimemtukana.
Akafungua kitabu chake kikubwa, akafunua, akafunua.
Hawakuandika.

Kwetu ni Shela, si ile ya Lamu, hii yetu ya Malindi.
Kaka yangu Famau hakuchomoa upanga.
Alikuja usiku wa Ijumaa, akala wali kwa mchuzi wa papa,
akaomba achari tena, akamsifu mama.
Asubuhi akachovya kidole gumba kwenye wino,
akakibonyeza pale alipoonyeshwa,
na shamba letu la minazi kule Ganda
likawa la mtu tusiyemjua.
Hati alikuwa ameishika baba, miaka yote,
hata bafuni akienda nayo tukimcheka.
Wiki ileile mkono wake wa kulia ukaanguka.
Kiharusi, alisema daktari.
Sikumbishia.

Leo jioni kunde za Siena nimezifunga kwenye gazeti
(zenyewe hazikudondoka, washindi hawadondoki),
nimezichemsha kwa nazi na chumvi ya kilima.
Namlisha baba kijiko kwa kijiko.
Ule mkono ulikuwa umening'inia pembeni ya kitanda.
Nimeuokota, nimeuweka mapajani pake,
nimeufunika na ncha ya kanga.
Anatafuna polepole. Anageuza shingo kuelekea mlangoni.
"Famau amekula?"

Amekula, baba.
Amekula akashiba.
Panua kinywa.